Palizi ya Kilima cha Mchanga

Ninayo heshima kuutangazia umma, ndani na nje ya mipaka ya Tigania, kwamba Mamlaka ya Vilima vya Mchanga vya Pwani imetimiza malengo yake yote, na kwamba ni vilima vyenyewe vilivyokataa kushirikiana.

Makao makuu yetu yako hapa Muthara. Najua kuna watu wanaocheka wakisikia hivyo. Wanauliza, Muthara na bahari wapi na wapi? Wacheke polepole. Ofisi ya vilima vya mchanga ikijengwa kando ya bahari, maafisa watavizoea vilima, watavionea huruma, na mwishowe watafanya kazi kwa upendeleo. Hilo lilionekana mapema. Tukatafutiwa mahali ambapo mtu akitaka kuona mchanga inabidi aende mtoni au kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ukisimama mlangoni petu unaona milima ya Nyambene upande mmoja, na upande wa pili unaona bucha. Hakuna kishawishi chochote.

Mimi ni Kiunga, Naibu Mkurugenzi, Mipaka na Nidhamu ya Mchanga. Cheo hiki sikupewa kwa kujuana. Nimezaliwa ndani ya kesi ya mpaka. Babu yangu aliweka pingamizi wakati wa ugawaji wa mashamba, baba akairithi kesi, nami nimeikuta ikiwa na afya njema kabisa. Mtu wa Tigania hata ukimwamsha usingizini atakuonyesha mpaka wake kwa kidole kabla hajafumbua macho. Ujuzi wa namna hiyo hausomewi.

Mkurugenzi wetu ni Mhandisi Marete, mzaliwa wa Githongo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuomba kura. Uhandisi wake ni wa friji. Wapo waliolalamika. Lakini friji na mabadiliko ya tabianchi ni mambo ya ukoo mmoja, yote yanahusu baridi na joto, na hakuna mwingine aliyeomba kazi hiyo ambaye angalau alikuwa na friji.

Kwa muda mrefu tulifanya kazi bila usumbufu wa wananchi. Tulikuwa na mpango mkakati, tulikuwa na kaulimbiu, tulikuwa na fulana. Ndipo asubuhi moja ya baridi akaingia bibi mmoja aliyejifunga shuka mbili, anakohoa.

"Muga," akasalimu. "Hii ndiyo ofisi ya mchanga?"

"Ndiyo, mama," akajibu Mukami, afisa wetu mdogo kuliko wote, aliyekuwa mapokezi siku hiyo. "Unataka lori moja ama mawili?"

Msimlaumu. Watu wote waliokuwa wametutembelea hadi siku hiyo walikuwa wanajenga.

"Sitaki kuletewa, mwanangu. Ninao hadi kwenye sufuria."

Huyo alikuwa Mwalimu Karambu. Amefundisha shule za Githongo mpaka akastaafu, na kila mtu wa huko mwenye umri wangu ana kovu la kumkumbuka. Nilimpa kiti, nikamwambia aeleze shida yake kwa ufupi. Hakuna mwalimu anayejua ufupi ni nini.

Alisema baridi ya Githongo ilikuwa imemkaa kifuani, kila mwaka analazwa, mpaka daktari akamwambia atafute mahali penye joto. Akachukua kiinua mgongo chake, akaenda Mtondooni, kule pwani kaskazini, akanunua ploti ndogo akajenga vyumba viwili. Kifua kikapona. Mbele yake kulikuwa na kilima cha mchanga, na mbele ya kilima kulikuwa na bahari.

"Nilipojenga, kilima kilikuwa kule na mimi niko huku. Tunaonana tu," alisema. "Sasa bahari imepanda. Mvua ikija ni ya kishindo, mawimbi yanakula kilima kutoka mbele, nacho kinarudi nyuma. Kinanijia mimi. Juzi nimefagia mchanga jikoni, nikaenda kukinga maji, kurudi nimeukuta tena."

"Umejaribu kukiuliza kinakwenda wapi?" nilimwuliza, maana utaratibu wetu ni kusikiliza pande zote mbili.

Akanisogelea. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia.

"Nilidhani," akasema.

Kisha akashika ukingo wa meza yangu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya darasani. "Kiunga, hiyo nyumba ndiyo yote niliyo nayo. Shamba la Githongo nimeshawagawia watoto. Kilima kikinila, inabidi nirudi kwa hii baridi, na nikirudi mtanizika kabla ya kahawa kuiva. Fanyeni kitu."

Nilimwahidi kwamba Mamlaka itafanya kitu. Wakati huo wote Mkurugenzi alikuwa ofisini mwake, hatua chache kutoka tulipokaa, na nilimsikia akifunga mlango kwa ndani. Mwalimu Karambu alimfundisha darasa la nne. Mtu huyo amehutubia mabalozi, lakini akisikia kikohozi cha Mwalimu koridoni hukaa kimya mpaka kipite.

Bibi alipoondoka, Mkurugenzi akatoka akaitisha kikao cha dharura, nacho kikafanyika wiki iliyofuata.

Mukami alisimama akasoma ripoti ya mtaalamu tuliyemtuma Mtondooni. Ilisema kwamba kilima cha mchanga si lundo tu, ni kitu kinachoishi kwa kusogea. Bahari ikipanda, kilima hurudi nyuma ili kisimalizike. Majani yanayotambaa juu yake huushika mchanga unaopeperushwa na upepo, kilima kikapata kimo na kutulia, na kinaweza kuongezeka kadiri maji yanavyoongezeka. Mtaalamu aliomba mambo mawili. Nyuma ya kilima paachwe nafasi bila majengo, na majani yasiguswe.

"Yaani majani yana mikono ya kushika mchanga?" akauliza Mkurugenzi.

Tulicheka sana. Mukami hakucheka, lakini bado ni mgeni kazini. Kwa ajili ya kumbukumbu tuliifupisha ripoti ile ikawa sentensi moja: Kilima kina tabia ya kurudi nyuma, kipewe onyo.

Baada ya hapo zikaonyeshwa picha. Sasa, Mkuu wetu wa Mimea ni Bwana Gachoki, mtu wa Embu, ambaye mikahawa yake imepaliliwa hadi kuku wanaogopa kupita hapo wasichafue. Alipoona picha ya kile kilima akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Woi! Mwenye hii shamba ni nani? Ona magugu! Hata aibu hana?"

Alikuwa amesema kweli. Kilima kizima kilikuwa kimefunikwa na majani yanayotambaa, yana maua ya zambarau, yameenda huku yakarudi huku bila mpango wowote. Sisi sote pale ni watu wa mlimani. Tumelelewa tukijua kwamba mpita njia akiona nyasi kwenye mahindi yako, ataenda kutangaza sokoni kwamba kwako kuna mgonjwa au kuna mlevi. Tuliitazama ile picha, Wameru kwa Waembu, tukaona haya kwa niaba ya Jamhuri.

"Hii ndiyo sababu mchanga inatoroka," akasema Gachoki. "Hata wewe ungekaa kwa uchafu kama huo? Hiyo kitu ipaliliwe. Ipaliliwe mpaka iwe nyekundu."

"Mchanga wa pwani ni mweupe," akasema Mukami.

"Basi mpaka iwe nyeupe!"

Azimio likapita. Mukami peke yake ndiye aliyepinga, akaombwa akatuletee chai.

Hapa sina budi kugusia Kituo cha Utafiti, kwa sababu mahasidi wamekigusia sana. Ni kweli Mamlaka ina jengo huko Mtondooni, nyuma ya kilima hicho hicho, ukuta kwa ukuta na Mwalimu Karambu. Ni kweli lina bwawa la kuogelea, na bwawa hilo ni la kuchunguza tabia ya maji. Ni kweli pia kwamba mke wa Mkurugenzi ndiye aliyechagua mapazia. Lakini kilima kilikuwa kinakiziba Kituo kisione bahari, na hakuna mtu anayeweza kuchunguza kitu asichokiona. Vilevile Kituo hakikuwa na mahali pa watafiti kuegesha magari. Mahali palipofaa pangepatikana pale pale jirani, ila palikuwa na nyumba ya Mwalimu juu yake.

Tuliondoka Muthara na basi zima la wapaliliaji, majembe yamefungwa juu, mimi nikiwa kiongozi wa msafara. Tulipofika Mtondooni joto lilitukaba hata kabla hatujashuka. Mama mmoja wa pale kijijini alitukuta tukinoa majembe.

"Karibuni jamani. Mwapanda nini?"

"Hatupandi," nikamjibu. "Tunapalilia."

"Mwapalilia nini?"

"Mchanga."

Aliondoka. Baadaye kidogo akarudi na majirani zake, wakatandika mikeka chini ya minazi wakakaa kututazama. Nililichukulia hilo kama ushiriki wa jamii.

Tulianzia mbele ya Kituo, kwa maelekezo ya Mkurugenzi, ambaye alikuwa amewasili na familia yake kwa ajili ya ukaguzi. Sasa niseme jambo moja la kwetu, kwa wasiolijua. Huku mlimani ukiita watu wakulimie, unawalisha. Asubuhi unawapa uji, mchana unawapa githeri au mukimo, na kama huna, unakopa. Mtu anaweza kukusamehe ujira ukichelewa, lakini ukimlaza na njaa kwenye shamba lako atakusema mpaka kwa wajukuu. Wapaliliaji walipoona jua limefika utosini na hakuna moshi unaotoka popote, wakamtuma Gachoki akaulize.

"Hii ni kazi ya serikali," Mkurugenzi akamjibu kutoka kwenye kivuli cha veranda, glasi ya maji ya madafu mkononi. "Serikali haina jiko."

Gachoki akarudi na habari hizo. Hakuna aliyegoma. Watu walivimba tu, kisha wakaingia kazini kwa hasira, kila mtu akitaka amalize upande ule aondoke asiione tena ile veranda. Sijawahi kuona palizi kama ile. Waling'oa majani, waking'oa wanafuata mizizi, wakipata mzizi wanauvuta hadi mwisho wake. Kabla ya alasiri kilima chote kilicho mbele ya Kituo kilikuwa cheupe, kisafi, hakina hata jani la kutolea ushahidi. Walikiparura hata kileleni, kikashuka kimo, na mke wa Mkurugenzi akapiga makofi kwa sababu alikuwa anaiona bahari akiwa ameketi.

Kisha tukasogea upande wa Mwalimu.

Mwalimu Karambu alikuwa amesikia Kimeru kikisemwa ng'ambo ya ukuta tangu asubuhi. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama mbele ya wale watu na majembe yao, akaanza kulia.

"Siku nyingi sijasikia mtu akinisemesha kwa lugha yangu," alisema. "Wekeni hizo majembe chini. Watu wa nyumbani hawashiki kazi kwangu na njaa."

Alikuwa amepika tangu aliposikia sauti ya kwanza. Kulikuwa na mukimo wa ndizi, kulikuwa na githeri yenye njahi, kulikuwa na chai ya maziwa ndani ya ndoo. Watu walikula. Mimi nilikula sahani ya kwanza kwa niaba ya Mamlaka na ya pili kwa niaba yangu. Wakaulizana habari za Githongo, nani ameoa, nani amezikwa, kahawa imelipa vipi. Joto lile na mukimo ule vikakutana tumboni, na mmoja mmoja watu wakaanza kulala kwenye veranda, majembe yakiwa mito.

Jua lilipopoa, Gachoki aliinuka akachukua jembe lake akaenda hadi kwenye maua. Mwalimu akamfuata nyuma.

"Hayo maua usiyaguse sana, mwanangu. Nikifungua mlango asubuhi ndiyo ninayosalimia."

Gachoki ni mtu mgumu, lakini mukimo wa mwenyewe ulikuwa bado haujashuka kooni. Utamwinulia jembe vipi mtu aliyekulisha? Alisimama pale, akainua, akashusha, akageuka. Kwenye taarifa tuliandika kwamba upande huo umepaliliwa kwa mafanikio makubwa. Basi likaondoka.

Tuliporudi, kazi iliyobaki ilikuwa ya kwangu, yaani mpaka. Mkurugenzi aliniita ofisini akanieleza tatizo la kisheria. Kilima ni mali ya Mamlaka. Lakini kilima kinatembea. Je, kikitembea kikaingia kwenye ploti ya mtu, mali ya Mamlaka iko wapi?

Nilijifungia na suala hilo, nikatoka na Kanuni ya Mpaka Unaotembea, ambayo bila kujisifu ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Inasema kwamba kilima kikisogea, mpaka wake nao unasogea. Ardhi yoyote ambayo kilima kimelalia ni ya Mamlaka. Jengo lolote litakalokutwa ndani ya kilima limevamia kilima, na mwenye jengo atalibomoa kwa gharama zake na kuomba radhi.

"Ongeza hapo hakuna rufaa," akasema Mkurugenzi.

"Mkubwa, kwetu rufaa ndiyo maisha ya watu."

"Ndiyo sababu nataka iondoke. Huyo bibi mchanga uko jikoni kwake tayari. Nataka maegesho kabla ya Krismasi."

Katika kikao cha kuipitisha, Mukami aliuliza swali moja. "Na kilima kikiingia kwa mtu mwingine?"

"Sheria haichagui," akajibu Mkurugenzi, akapigiwa makofi.

Notisi ya Mwalimu ilipelekwa kwa pikapu ya miraa kutoka mji wa Maua, kwa kuwa hakuna chombo cha serikali kinachokimbia namna hiyo. Ilikimbia hata ikafika Mtondooni kabla hatujaitia sahihi. Siku iliyofuata Mwalimu akanipigia simu.

"Kiunga, nimepata barua haina sahihi. Makosa ya tahajia nimeshasahihisha. Nikurudishie?"

Nikamwambia aendelee nayo tu.

Nilisikia upepo nyuma yake. "Kwa hivyo mnanifukuza?"

"Mwalimu, Mamlaka haifukuzi mtu. Inamwezesha kuondoka."

"Nilikuja kwenu mnisaidie, Kiunga. Nikawapikia."

Alikata simu. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli, na ile hali ilinikaa hadi baada ya chai, jambo ambalo si desturi yangu kabisa. Nikaona ni heri shauri lake lisikilizwe hadharani hapa Muthara, ili angalau afukuzwe kwa utaratibu.

Kati ya notisi na siku ya shauri, upepo wa kusi ukaanza kuvuma. Watu wa pwani wanaufahamu, huja kila mwaka. Mwaka huu ulikuja na bahari iliyojaa kuliko kawaida, ukavuma usiku na mchana.

Siku ya shauri ukumbi ulifurika. Mwalimu Karambu aliketi mbele, amejifunga shuka zake mbili, kikohozi kimerudi kwa sababu ya safari ya kupanda huku kwenye baridi. Wapaliliaji nao walikuja wote, bila kualikwa, wakakaa nyuma yake. Mkurugenzi aliingia kwa mlango wa nyuma. Uso wake haukuwa wa kawaida, lakini mimi si mtu wa kuuliza wakubwa habari za nyuso zao. Nikafungua kikao, nikamwomba Gachoki asome Taarifa ya Hali ya Mchanga, kwa maana ndiyo ingethibitisha uvamizi. Alikuwa ametumwa huko juzi yake kwenda kupima.

Gachoki alikohoa. "Ploti ya Mwalimu. Mchanga jikoni: hakuna. Mchanga ukutani: hakuna. Mchanga yote imenaswa na yale maua huko mbele. Imejaa hapo, imekuwa kilima kingine kidogo, na maua imemea tena juu yake. Yeye yuko salama."

Ukumbi ukaguna. Mwalimu aliweka mkono kifuani.

"Si mlipalilia?" Mkurugenzi akafoka.

"Tulipalilia kwa mafanikio makubwa," Gachoki akasema, akaharakisha. "Sasa Kituo cha Utafiti. Huko mbele hakukuwa na kitu ya kushika mchanga. Bwawa la kuogelea: halionekani. Mlango: hauonekani. Madirisha yanaonekana nusu. Mapazia nimeyaona, iko na mchanga pande zote mbili."

Mkurugenzi alisimama akapiga meza. "Ndiyo maana nataka tuache haya madogo! Kituo kimevamiwa! Natangaza dharura. Nataka matingatinga, nataka watu, nataka leo!"

Kila mtu akanigeukia mimi, kwa sababu masuala ya uvamizi ni ya idara yangu. Naapa sikuwa na nia mbaya. Nilifungua Kanuni kama ambavyo ningeifungua siku nyingine yoyote.

"Mkubwa," nikasema, "kwa mujibu wa Kanuni, kilima hakiwezi kuvamia. Kilima kiko ndani ya mpaka wake. Kilichovamia ni jengo. Litabomolewa na mwenyewe, kwa gharama zake, na ataomba radhi."

Tukasikia mtu wa bucha akikata mfupa ng'ambo ya barabara.

"Kiunga, usiwe mjinga," Mkurugenzi akasema, akijitahidi kutabasamu. "Kituo ni cha Mamlaka. Mamlaka haiwezi kujivamia yenyewe."

Ilikuwa hoja nzuri. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika wakati Mukami aliponyoosha mkono.

"Kama ni cha Mamlaka, basi wafanyakazi wote tutaenda kuchimba, wala hakuna tatizo. Tunaomba tu funguo. Vyumba vya kulala ni vya kutosha, tutakaa humo kwa zamu na familia zetu tukiendelea na utafiti. Ikiwezekana tuanze Krismasi."

Wapaliliaji walipiga makofi, na mmoja akauliza kama watoto wanaruhusiwa kwenye bwawa.

"Hapana! Ngojeni kwanza!" Mkurugenzi jasho lilikuwa linamtoka, na Muthara siku hiyo kulikuwa na ukungu. "Mtalalaje humo? Vile vitanda ni vya..." Akaacha hapo hapo.

"Ni vya nani?" nikamwuliza, kalamu ikiwa tayari.

Alimtazama mwanasheria wetu aliyeketi kando yake, na mwanasheria akatazama viatu vyake. Nadhani angeweza kukaa kimya hivyo mpaka jioni tukaahirisha kikao, kwa kuwa kuahirisha tunajua. Lakini Mwalimu Karambu aliinuka kutoka kiti chake cha mbele. Hakupaza sauti.

"Marete."

Mkurugenzi alikuwa amesimama tayari. Akasimama zaidi.

"Toa mikono mfukoni. Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu, mwalimu."

Lilimtoka hivyo hivyo, haraka, na sauti yake ilikuwa nyembamba, si ile ya kuomba kura. Mukami akaliandika. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, watu wakashikana mabega, Gachoki akainamisha kichwa mezani akilia kwa kucheka. Nilisubiri utulivu urejee. Kisha nikatimiza wajibu wangu. Nikatupilia mbali shauri dhidi ya Mwalimu Karambu kwa kukosekana kwa mchanga. Nikaandika notisi kwa Mhandisi Marete, mvamizi, na hii nikaitia sahihi kabla haijaondoka.

"Nitakata rufaa," akasema.

Nikamsomea kifungu alichoniamuru niongeze.

Mwalimu alikuwa amerudi kuketi. Alikuwa anafuta macho kwa pembe ya shuka, na wapaliliaji wale wa nyuma wakawa wanamgusa bega mmoja baada ya mwingine, wakimwambia pole na hongera kwa pamoja. Nyumba yake ilikuwa imebaki yake. Nami nilifurahi, nasema wazi, ingawa msimamo wa Mamlaka kuhusu furaha bado haujatolewa.

Mikutano yetu hufungwa kwa maombi, na desturi ni kwamba mkubwa kuliko wote ndiye anayeomba. Sikuona kifungu chochote kinachomwondolea mvamizi heshima hiyo. Tukasimama, tukafumba macho. Mkurugenzi alianza polepole. Akamshukuru Mungu kwa uhai na kwa mvua. Kisha sauti yake ikaanza kupanda, ile ya kwanza ikamrudia, akafika mahali pa kulia. Alimwomba Baba aangalie Mtondooni. Alimwomba akumbuke jasho la mtumishi wake, na bati, na vigae, na yale mapazia.

"Bwana, wewe ndiye mwenye bahari na mwenye mchanga! Uguse ule upepo, Baba! Ugeuze upepo leo hii, uondoke kwangu!"

"Ugeuke uende kwa nani, Marete?" akauliza Mwalimu Karambu.

Hakuna aliyesema amina. Najua Mkurugenzi alikuwa amefumbua macho akitafuta wa kumsaidia, maana nilimsikia akininong'oneza jina langu mara mbili. Mimi niliendelea kufumba yangu, kama utaratibu wa maombi unavyotaka.